Mkasi wa Mama na Kanuni Tuliyoikariri

KWA miaka 22 ambayo nimefundisha fizikia katika shule za upili, sijawahi kutunga mtihani wa Kidato cha Tatu bila swali la nyenzo. Huchora koleo au mkasi, nikaonyesha urefu wa mpini na umbali wa mzigo kutoka kwenye egemeo, kisha nikawataka wanafunzi wakokotoe manufaa ya kimakanika. Aghalabu jibu hulipata. Nami huwapa alama zao, tukaendelea na mada inayofuata.

Mwaka jana, mwezi wa Januari, nilitambua kwamba swali hilo mimi mwenyewe sikuwa nimelijibu.

Nilikuwa nimekwenda nyumbani Murang'a kumjulia mamangu hali. Ni mjane wa miaka 74, na mali yake kubwa ni mibuni 200 aliyoachiwa na marehemu babangu. Mavuno makuu yalikuwa yamekwisha, na kazi iliyobaki ilikuwa ya kupogoa. Nilimkuta shambani ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amelivuta tawi la chini hadi magotini. Mpini mmoja wa mkasi alikuwa ameukandamiza kwenye paja, na wa pili akiusukuma kwa viganja vyote viwili. Tawi lenyewe halikuwa nene kuliko kidole chake cha gumba.

"Mama, mbona unajitesa hivyo?" nilimwuliza. "Huu si ule mkasi niliokununulia juzi tu?"

"Mkasi hauna neno, mwanangu," alinijibu bila kuinua macho. "Mkono ndio uliochakaa. Mwaka ujao nitamwita mtu aing'oe hii mibuni, nipande nyasi za ng'ombe."

Mkasi huo nilikuwa nimeuchagua mwenyewe katika duka la pembejeo mjini. Niliujaribu papo hapo kwa kubana hewa, nikaridhika. Sikujiuliza hata mara moja ni mkono wa nani utakaoubana. Basi nilisimama pale katikati ya mibuni, mwalimu wa nyenzo, nikimtazama mama mzazi akishindwa na nyenzo.

Ninalisimulia jambo hili la nyumbani si kwa kutaka kuhurumiwa, bali kwa kuwa nadhani walimu wenzangu na wanafunzi wao watajiona ndani yake.

Kanuni yenyewe ni kongwe. Archimedes, mwanahisabati wa Kigiriki aliyeishi Syracuse na kufariki mwaka wa 212 kabla ya Kristo, aliithibitisha kwa hoja za kihisabati: uzito mdogo ulio mbali na egemeo huweza kuusawazisha uzito mkubwa ulio karibu nalo. Ukigawanya umbali wa mkono kutoka kwenye egemeo kwa umbali wa mzigo, unapata uwiano wa mwendo. Mkasi unaoshikwa sentimita 12 kutoka kwenye egemeo, huku tawi likiwa sentimita 3 upande wa pili, una uwiano wa 4. Lau kusingekuwa na msuguano, kila kilo moja ya mkono ingekuwa kilo nne kwenye tawi. Maadamu msuguano upo, manufaa yanayopatikana kwa kweli huwa chini ya 4. Uwiano wa mwendo hutokana na umbo la chombo, ilhali manufaa hutegemea pia kama kiungo kimetiwa mafuta au kimeshika kutu.

Mafundi wetu huifuata kanuni hii bila kuiandika popote. Mtazame fundi wa kushona nguo: mkasi wake una mabapa marefu na mipini mifupi, kwa sababu kitambaa ni laini na anachotaka ni mwendo. Kisha nenda Kamukunji, Nairobi, umtazame fundi wa mabati: mkasi wake una mabapa mafupi na mipini mirefu, kwa sababu bati ni gumu na anachotaka ni nguvu. Wabadilishane vyombo, nao wote wawili watalala njaa.

Hata mtoto anayekata kadibodi analijua hili. Ncha ya mkasi ikishindwa, yeye huisukuma kadibodi ndani hadi karibu na egemeo, nayo ikakatika. Kwa kitendo hicho amekwisha kuyabadilisha manufaa ya kimakanika ya chombo chake bila kuambiwa na mwalimu yeyote.

Hata hivyo, nguvu haipatikani bure. Mkono unaozidishiwa nguvu mara nne hulipa kwa kusafiri mara nne. Ukitaka mara tisa, utasafiri mara tisa. Katika mtaimbo deni hili si zito, kwani mpini unaweza kurefushwa na mwili mzima ukaulalia. Mkasi wa mkono, kwa upande mwingine, umefungwa ndani ya kiganja. Kiganja hakifunguki zaidi ya kiasi chake, na mshiko huwa dhaifu mipini inapokuwa imepanuka mno.

Isitoshe, viganja havilingani. Vipimo vya nguvu za mshiko huonyesha kuwa kwa wastani mshiko wa wanawake ni kama asilimia 60 ya ule wa wanaume, na kwamba nguvu hizo hupungua kadiri umri unavyosonga. Katika vijiji vyetu, ni nani hasa anayeshinda shambani na mkasi? Jibu analijua kila msomaji.

Mkasi wa kupogolea ulianza Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 19, na anayetajwa kuwa mbunifu wake ni Antoine-François Bertrand de Molleville. Kabla ya hapo watunzaji wa mizabibu walitumia visu vilivyopinda. Tangu wakati huo mabadiliko mengi yamefanywa. Kampuni ya Felco ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka wa 1945, huunda mikasi ya viganja vidogo na vikubwa, na hata ya watu wanaotumia mkono wa kushoto. Lakini duka la mjini kwetu lina mkasi wa aina moja tu, ukining'inia kwenye msumari, na mkulima ndiye anayetakiwa kuufuata mkasi.

Kabla sijaondoka nyumbani nilifanya kipimo kimoja. Nilipigilia kijiti kwenye mwimo wa mlango, nikafunga kijiti kingine kwenye ndoano ya mizani ya kuning'iniza ambayo sisi hupimia kahawa. Nikamwomba mama avishike vyote viwili kwa mkono mmoja, kijiti cha mlango kwenye kiganja na cha mizani kwenye vidole, kisha abane. Mshale ulifika kilo 12. Mama alicheka, akaniuliza kama nimeanza kununua wanawake kwa kilo.

Niliporudi shuleni niliwaletea wanafunzi wa chama cha sayansi fungu la matawi ya mibuni niliyoyafunika kwa gunia bichi, pamoja na mkasi wa mama. Tuliukaza mpini mmoja kwenye jiliwa, tukauvuta wa pili kwa mizani ile ile. Tawi la unene wa milimita 15 lilikatika mizani iliposoma kilo 26.

Nikawaambia wakumbuke kuwa mwenye mkasi ana kilo 12. Darasa likanyamaza. Kisha msichana mmoja wa Kidato cha Tatu akanyoosha mkono.

"Mwalimu," alisema, "mbona katika mtihani huwa hatuambiwi mkono ni wa nani?"

Katika miaka 22 sijawahi kuulizwa swali bora kuliko hilo.

Jambo la kwanza tulilofanya halikuhitaji ubunifu wowote. Tuliunoa mkasi. Ubapa wa mkasi ni kabari, na kabari nyembamba hupasua kwa nguvu kidogo kuliko kabari butu. Tuliutia pia tone la mafuta kwenye egemeo. Tawi la unene ule ule sasa lilihitaji kilo 20 badala ya 26. Somo hili nawaachia vijana bila kuongeza neno: kabla ya kuunda chombo kipya, nenda kwanza ukatafute tupa.

Kilo 20 bado zilikuwa nyingi kwa mkono wa kilo 12. Wanafunzi walikokotoa kuwa uwiano wa 4 ungepaswa kupanda hadi karibu 6.7. Tulipoongeza akiba kwa ajili ya msuguano wa viungo vipya, na uchovu wa mkono unaofanya kazi hadi jioni, tukachagua 9. Lakini papo hapo mwingine akasema kuwa matawi mengi ya mbuni ni membamba, na kuyakata yote kwa uwiano wa 9 ni sawa na kupanda baiskeli kwenye tambarare ukiwa umetia gia ya mlimani. Naam! Tulichohitaji hakikuwa mkasi wenye nguvu zaidi, bali mkasi ambao nguvu zake zinaweza kubadilishwa kulingana na kazi na mkono.

Kundi la kwanza lilikuja na mkasi wenye matundu matatu ya egemeo. Hesabu yao ilipendeza machoni. Katika tundu la kwanza, mkono uko sentimita 12 na tawi sentimita 3, uwiano ni 4. Ukilisogeza egemeo sentimita moja kuelekea kwenye tawi, mkono unakuwa 13 na tawi 2, uwiano ni 6.5. Ukilisogeza nusu sentimita zaidi, mkono ni 13.5 na tawi 1.5, uwiano ni 9 kamili. Mhitimu yeyote wa KCSE angewapa alama zote.

Mti haukuwapa hata moja. Kwanza, ili kulipokea tawi nene lililo karibu sana na egemeo, ilibidi mabapa yafunguke kwa pembe pana, na pembe pana hulisukuma tawi litoke nje badala ya kulikata. Pili, kulipitisha bapa milimita 15 kwa uwiano wa 9 kunadai mkono usafiri milimita 135, ilhali mkono wa kawaida hubana kwa raha kama milimita 60 hivi. Tatu, bolti iliyohamishwa kila mara ililegea, mabapa yakaachana kidogo, nayo yakawa yanalitafuna tawi mahali pa kulikata. Tawi lililotafunwa huacha kidonda kibaya ambacho huchelewa kupona.

Sababu ya nne ndiyo iliyonifunza zaidi, nayo haimo katika kitabu chochote cha fizikia ninachofundishia. Kulihamisha egemeo kulihitaji spana. Nani atakayebeba spana shambani, afungue bolti kwa tawi nene, kisha aifungue tena kwa tawi jembamba lililo jirani yake? Chombo ambacho mabadiliko yake yanamsumbua mtumiaji hakibadilishwi kamwe. Kitawekwa mahali pamoja, na baada ya wiki moja hakuna atakayekumbuka kuwa kina matundu matatu.

Kundi la pili lilitumia mabomba: bomba jembamba ndani ya bomba pana, na pini ya kuchomoa kwa vidole. Mipini ilirefuka kutoka sentimita 40 hadi 70, na tawi likiwa sentimita 5 kutoka kwenye egemeo, uwiano ulipanda kutoka 8 hadi 14. Chombo hiki kilifanya kazi barabara. Kilikata mashina mazee yaliyokuwa yakiwashinda hata walimu. Lakini kilidai mikono miwili na nafasi ya kupanua mabega, na anayepogoa mbuni huhitaji mkono mmoja kulishika tawi na kulisogeza asije akakata lisilofaa. Ni chombo kizuri kwa kazi nyingine.

Kundi la tatu lilikuwa la wavulana wawili waliokuwa wakipenda kukaa kwa fundi wa magari. Wao walianza na swali la jeki. Mtu mmoja, walisema, huliinua lori peke yake. Nguvu zake hazijaongezeka. Yeye hulipa deni la mwendo kidogo kidogo, na kila anapopumzika, kuna kitu kinachoushikilia mzigo usirudi chini. Je, mkono usioweza kusafiri milimita 135 kwa mara moja, hauwezi kuzisafiri kwa awamu?

Hilo ndilo wazo la racheti. Walimwendea fundi mmoja wa jua kali karibu na soko, wakamchorea. Badala ya mpini na bapa kuwa chuma kimoja, vilitenganishwa, na kati yao kikawekwa kipande kifupi cha chuma chenye mapengo matatu mfano wa meno ya msumeno. Ukibana, kipande hicho hulisukuma bapa lizame ndani ya tawi. Ukiachilia, springi huufungua mpini, lakini bapa hubaki pale pale likiwa limeng'ang'ania mti, na pengo linalofuata huinasa pini ya bapa. Ukibana tena, ukataji unaendelea kutoka ulipoachia.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa uwiano wa 9, mbano mmoja wa milimita 60 hulisukuma bapa karibu milimita 6.7. Tawi la milimita 6 hukatika kwa mbano mmoja. Tawi la milimita 15 huhitaji mibano mitatu. Kila pengo huibadilisha pembe ya kile kipande, hivyo uwiano nao hubadilika kidogo, lakini kinachobadilika hasa ni idadi ya mibano. Hakuna spana, wala pini ya kuchomoa, wala kuchagua tundu. Tawi lenyewe ndilo linaloamua.

Kuchora ni rahisi kuliko kuunda. Bapa la kwanza, la chuma cha kawaida, lilipinda kama kijiko. La pili lilikatwa kutoka kwenye springi ya gari, likachomwa hadi likawa jekundu, likatumbukizwa ndani ya oili likawa gumu, nalo likavunjika kama chupa katika jaribio la kwanza. Fundi aliwaangalia vijana wangu kwa huruma, akawaambia kuwa walikuwa wameharakisha kumwondoa jikoni mgeni kabla hajala. Chuma kikishakuwa kigumu, alisema, hurudishwa kwenye moto mdogo kwa muda ili kipunguze ukali wake. Bapa la tatu lilifanyiwa hivyo, nalo halijavunjika mpaka leo. Fundi huyo hakumaliza shule ya msingi. Siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mwalimu, nami nilikuwa nikiandika katika daftari pamoja na wanafunzi.

Sitaki kudai kuwa vijana hawa wamevumbua kitu ambacho dunia haikijui. Mikasi ya racheti imekuwa ikiuzwa katika nchi nyingine kwa miaka mingi. Walichokifanya ni kulifikia wazo hilo kwa miguu yao wenyewe, wakianzia kwenye mkono wa kilo 12. Anayefika mahali kwa miguu yake huikumbuka njia.

Katika likizo ya Aprili nilimpelekea mama chombo hicho. Hakikuwa cha kupendeza. Kilikuwa na alama za tupa kila mahali, na mipini yake ilivikwa mpira wa tairi ya baiskeli. Mama alikigeuzageuza, akaelekea kwenye mbuni wa karibu, akalishika tawi la unene wa gumba kwa mkono wa kushoto.

"Moja," alihesabu, "mbili, tatu." Tawi likaanguka.

Alilitazama lilipoanguka, kisha akautazama mkono wake, kana kwamba ndio uliokuwa umefanyiwa marekebisho. Akakata jingine, na jingine. Nami nilikaa kimya, maana kuna nyakati ambapo mwalimu hana budi kunyamaza.

Jioni alinipa hukumu yake, nayo haikuwa ya kutubembeleza. Chombo ni kizito kama nyundo, alisema, na mkono wa mzee huchoka kukibeba hata kabla ya kukibana. Kwa vijitawi vidogo ni cha polepole. Kwa hivyo vijitawi alivikata kwa ule mkasi wake wa zamani, ambao sasa umenolewa, na hiki kipya akakitengea matawi manene.

"Waambie hao watoto wakipunguze uzito," alisema. "Halafu wamtengenezee na jirani yangu kimoja. Yeye mkono wake ni mbaya kuliko wangu."

Kuhusu kuing'oa mibuni, hakusema lolote, nami sikumwuliza.

Niliwafikishia wanafunzi ujumbe huo kama ulivyo. Nilihofia wangevunjika moyo. Badala yake walianza kubishana juu ya mahali ambapo chuma kinaweza kutobolewa matundu ya kupunguza uzito bila kukidhoofisha chombo. Hilo ni swali la uhandisi wa kweli, na hakuna aliyewapa isipokuwa ajuza mmoja wa Murang'a.

Sasa niseme na walimu wenzangu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985, nia iliyotangazwa ilikuwa kuwafunza vijana kujitegemea kwa kazi za mikono. Karakana zilijengwa, nyingi kwa michango ya wazazi. Katika shule kadhaa ninazozijua, karakana hizo baadaye ziligeuzwa kuwa stoo za madawati yaliyovunjika. Jiliwa tulilolitumia sisi lilikuwa limefunikwa na magunia ya mahindi.

Hivi leo tuna mfumo wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019 na kufika katika sekondari msingi mwaka wa 2023, ukiwa na somo la awali la ufundi. Nia ni njema. Lakini kila mzazi ameona jinsi kazi za mikono zinavyoweza kugeuka na kuwa vitu vinavyonunuliwa dukani usiku, au kuundwa na baba huku mtoto amelala. Kukariri kuna nyuso nyingi. Tukiondoa kukariri kanuni na kuweka mahali pake kukariri mradi, hatujaondoka tulipokuwa.

Mwalimu mwenzangu mmoja, ambaye namheshimu sana, aliniambia kuwa ninawapotezea watoto muda, kwani mtihani wa taifa hautauliza habari za racheti. Ni kweli hautauliza. Lakini utauliza tofauti kati ya uwiano wa mwendo na manufaa ya kimakanika, jambo ambalo kwa miaka mingi wanafunzi wangu wamelichanganya. Waliouvuta mpini wa mkasi mkavu kwa mizani, kisha wakautia mafuta na kuuvuta tena, hawalichanganyi. Umbo la chombo halikubadilika, mizani ikasoma pungufu. Wameiona tofauti hiyo kwa macho yao.

Wengine watasema hawana vifaa. Sisi tuliazima mizani ya kahawa, springi tuliipata kwenye lundo la vyuma vya fundi wa magari, na matawi hayana bei. Gharama iliyobaki ilikuwa malipo ya fundi, ambayo kila mwanachama aliyachangia kidogo. Kilichokuwa adimu hakikuwa vifaa. Kilikuwa ni ujasiri wa mwalimu kusema mbele ya darasa, "Hili silijui, twendeni tukapime."

Kwenu wanafunzi nina neno moja. Mkiambiwa muunde kitu, msianze na kitu. Anzeni na mtu. Mpimeni nguvu zake, mwangalieni anavyokaa, anavyoshika na anapochokea. Kisha mrudini kwenye kanuni, nayo itawatumikia kwa uaminifu kama ilivyowatumikia watu tangu enzi za Archimedes. Na mkimaliza, mrudishieni mtu huyo chombo chenu, mkakae kimya mkisubiri hukumu.

Muhula huu nimetunga tena mtihani wa Kidato cha Tatu. Swali la nyenzo limo, na mchoro wa mkasi ni ule ule wa siku zote, sentimita 12 upande mmoja na 3 upande wa pili. Ila nimeongeza mistari miwili chini yake. Nimesema kuwa tawi linahitaji kilo 20 mpinini na mwenye mkasi ana kilo 12, kisha nikawataka waeleze watakavyomsaidia.

Wengi walilalamika kuwa swali halina jibu moja. Niliwajibu kuwa hata mimi nilikuwa nimelitambua hilo juzi tu.